Televisheni ya Mama na Ruta ya Kununua

9 Februari

Mdogo wangu,

Binti anayepokea simu za kampuni alithibitisha leo asubuhi kwamba hawatabadilisha kisanduku chetu cha intaneti mpaka mwenye mkataba afike ofisini mwenyewe na kitambulisho chake. Nilimwambia mwenye mkataba yuko gerezani. Akauliza atatoka lini. Nikamwambia bado miaka minne. Nikamsikia anabonyezabonyeza kompyuta, kisha akasema: "Sawa mama, basi akitoka tu apitie tawi lolote."

Nimemnukuu neno kwa neno. Nilikuwa na kalamu mkononi. Ni mazoea ya kazi ya gazetini.

Sasa kuhusu ziara ya video ya Jumamosi. Uliona mwenyewe: mama akakaa mbele ya kompyuta yangu, picha ikaja, ikaganda, ikapotea. Upande wetu kilichotokea ni kile kile cha Januari. Kisanduku kilizima taa zote, kikawasha moja nyekundu, kikaanza kujiwasha upya kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Kiliporudi, ofisa wa zamu huko kwenu alikuwa ameshafunga. Nilipiga simu kuomba tuunganishwe tena. Alisema kanuni ni kanuni, ikikatika imekatika, mpaka mwezi ujao. Nilimwuliza tena kama ninaweza kutumia simu yangu ya mkononi. Jibu ni lile la zamani: gereza linatambua laini ya nyumba iliyosajiliwa tu, ili lijue mfungwa anaongea na nani, akiwa wapi.

Nilifikiria pia kufuta mkataba wako na kufungua wangu. Kampuni inasema kabati la nyaya la mtaani limejaa. Ukiachia tundu lako, linachukuliwa na aliye kwenye foleni. Kwa hiyo hapo hapana njia.

Mama hajambo. Televisheni yake inapita kwenye kisanduku hicho hicho, lakini kikijizima inarudi yenyewe, naye huisubiri akiwa amekunja mikono. Bado ni zile mbio za baiskeli, asubuhi hadi jioni. Mtu ambaye hajawahi kukalia baiskeli maishani mwake anajua nani ataishiwa pumzi kabla ya kilele. Jana alimwambia mmoja: "Wewe wa kijani, kwa miguu hiyo ya kuku, nani alikudanganya uje?"

Umeniuliza mara mbili kwa nini haongei nawe. Ni mtu mzima, na umri unakwenda.

Dada yako


20 Februari

Dada, shikamoo.

Barua yako imenichekesha mpaka jirani yangu wa kitanda cha juu akauliza kama nimeachiwa huru. "Apitie tawi lolote"! Yule binti angejua kwamba mwenye mkataba ndiye fundi wao aliyewapa wezi wa nyaya funguo za makabati ya mtaani, angeniomba nisipite hata barabara yenye tawi lao.

Sasa nisikilize mimi, maana visanduku hivyo nimevifunga kwenye nyumba za watu mpaka nikaviota. Hicho chetu kimekwisha. Joto limekila moyo. Usibembelezane nacho. Nunua ruta yako mwenyewe. Na usije ukaiweka nyuma ya hicho cha kampuni, kwa sababu cha mbele kikizima, cha nyuma nacho kinakufa njaa. Hicho chao lazima kitoke kabisa.

Ndani ya ule waya mwembamba mnapita njia mbili. Moja ya intaneti, nyingine ya televisheni, na kila njia ina namba yake. Kisanduku cha kampuni kinazijua zote mbili tangu kilipozaliwa. Ruta ya dukani ni kama mpangaji mgeni, haijui hata choo kiko wapi, lazima uioneshe. Fungua ukurasa wa mipangilio. Kwenye intaneti andika namba ██, jina la laini ni ████████, nenosiri ████████. Kwenye televisheni andika namba ██, kisha uwashe █████████.

Kuna kikwazo kimoja. Laini imefungwa itambue kisanduku chao tu. Lazima mtu wa kampuni aifungue ikubali mashine nyingine. Mtafute Ngazi, yule mrefu niliyekuwa nafunga naye, ambaye hakuwahi kubeba ngazi hata siku moja kwa sababu mikono yake inafika darini. Ana moyo, ila ni mwoga. Usimtishe.

Televisheni ikigoma, acha igome. Hajafa mtu kwa kukosa baiskeli.

Ile karatasi ya ridhaa, ya kukuruhusu wewe usimame badala yangu mbele ya kampuni, niliiomba Desemba. Iko mezani kwa mkuu wa gereza, chini ya kitu kizito.

Dada, niambie kweli. Miaka miwili hii, nikitokea kwenye skrini, mama ananitazama kama risiti ya mtu mwingine. Anajibu salamu, kisha anageukia dirisha. Najua ni hasira. Siku ya hukumu aliniambia mbele ya watu, "Umenivua nguo." Ni haki yake. Lakini nataka anigombeze. Anayekugombeza bado ni wako. Kinachonimaliza ni hiyo adabu.

Mdogo wako


4 Machi

Mdogo wangu,

Namba zako zote zimefika zikiwa zimepakwa wino mweusi. Pembeni ofisa wa barua ameandika: "Misimbo ya siri hairuhusiwi." Nilimpigia simu. Alisema, "Dada, mtu amefungwa kwa mambo ya nyaya, halafu anaandika namba za nyaya. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nimenunua ruta. Muuzaji alinipa yenye antena nne, ikikaa mezani inafanana na kaa aliyepinduliwa. Nilimwuliza kama itapeleka na televisheni. Akasema, "Hii inapeleka kila kitu, mama, labda ushindwe wewe."

Ngazi alikuja juzi mchana, bila sare ya kampuni. Alivua viatu mlangoni, akavishika mkononi muda wote kama mtu anayejiandaa kukimbia. Kuhusu wewe alisema, "Mwambie sijamsahau," kisha akaangalia kama kuna aliyesikia. Aliifungua laini, akaingiza namba za intaneti mwenyewe. Intaneti imetulia. Inafika hadi chumba cha mama na haijazima hata mara moja.

Televisheni imekufa. Ngazi anasema namba unazozikumbuka za televisheni zilibadilishwa mwaka jana, na tangu hapo king'amuzi hakikubali mashine isiyo ya kampuni, hata uilishe namba gani. Nilimwambia basi arudishe kisanduku cha zamani. Akasema kufungua aliweza kwa sababu mfumo hauulizi. Kurudisha unauliza, na unachotaka ni mwenye mkataba au karatasi yake. Alisema hayo baada ya kumaliza kazi, si kabla. Alipoona ninavyomtazama akavaa viatu.

Kioo kimeandika: "Hakuna huduma. Wasiliana na kampuni." Mama anauliza baiskeli. Nimemwambia imeharibika, fundi atakuja. Nilisema hivyo ili atulie.

Uliomba kweli. Mama hana hasira nawe. Hilo ninaliandika na nitalisimamia popote. Mengine tuyaache kwanza. Ningeshauri uahirishe ziara ya Jumamosi hii. Hayuko sawa bila televisheni. Lakini najua posta yetu. Barua hii itakukuta ziara imeshapita.

Dada yako


8 Machi

Dada!

Mama amenisamehe. Naiandika mapema kabla furaha haijapoa, na ofisa akitaka kuifuta na aifute, nitaiandika tena.

Ulikuwepo, lakini ngoja nikusimulie kama mtu asiyekuwepo, maana nataka kuisikia tena mwenyewe. Unakijua chumba chetu cha picha ninavyokueleza: viti viwili vya plastiki, skrini imefungiwa ndani ya nondo kama nayo ina kifungo chake, kamera imekaa upande, inachukua sikio kuliko uso. Nimekaa, nikisubiri zile salamu zake za dukani. Picha ikaja, safi kabisa, hata mikunjo ya kitambaa chake niliiona. Akanitazama, akanitazama tena, akasema:

"Wewe ndiye fundi?"

Nikajua hapo hapo. Huyo ndiye mama yetu wa zamani. Nikasema, "Ndiye mimi, mama."

"Mmenichezea vya kutosha. Nimekaa na kioo cheusi kama nyumba ya msiba."

"Tunaomba radhi, mama."

"Radhi haioneshi baiskeli."

Askari wa zamu aliyesimama nyuma yangu alitoa kicheko puani. Mama akaendelea. Akasema nimekonda, akauliza kama kazini kwetu hawatupi chakula. Nikasema wanatupa, ila mpishi hatupendi. Akacheka, Dada! Kile kicheko cha kujifunika mdomo. Halafu akanikazia macho.

"Una mama, wewe?"

"Ninaye."

"Anajua unavyofanya kazi yako hovyo?"

"Anajua. Ndiyo maana amenuna."

"Amenuna muda gani?"

"Miaka miwili."

Akasema, "Mwambie imetosha."

Nusu saa nzima haikukatika hata mara moja. Askari alinisindikiza akisema, "Mama yako angekuwa jukwaani tungelipa kiingilio." Wewe ulikuwa umeinama muda wote, niliona utosi wako tu. Ulikuwa unacheka, au ulikuwa unalia kwa furaha? Najua hutajibu, wewe na uso wako wa mwandishi wa mahakamani.

Heri yake aliyebuni ruta yenye antena nne. Na hiyo televisheni msiitengeneze haraka, tumalize kwanza mchezo wetu.

Kitinda mimba wenu


19 Machi

Mdogo wangu,

Sikuwa nacheka.

Daktari wa kliniki ya wazee alisema, mwaka juzi mwezi wa nane, kwamba mama anapoteza kumbukumbu na hazitarudi. Alisema mambo ya karibuni yatatangulia, kisha watu. Wewe ulikuwa umeshaingia gerezani. Watu asiowaona kila siku ndio waliotoka kwanza. Mimi siku nyingi bado ananijua. Siku nyingine ninakuwa dada yake, na ananiuliza kama nimewafungia mbuzi ambao hatujawahi kuwafuga tangu nizaliwe.

Kwa hiyo alipokuwa anakutazama vile, hakuwa na hasira. Hakuwa anakujua. Alikujibu salamu kama anavyomjibu mtu yeyote, kwa sababu adabu yake bado ipo.

Jumamosi ile nilikuwa nimemwambia fundi atakuja. Kisha nikamkalisha mbele ya skrini, akatokea mwanamume mwenye shati la bluu la kazi. Alihitimisha alivyohitimisha. Mtu mwenye akili zake timamu angehitimisha hivyo hivyo. Hakuwa anatania. Alipokuuliza kama una mama, alikuwa anauliza.

Picha ilipozimika alisema, "Kijana yule amelelewa." Halafu akauliza kwa nini ameondoka bila kutengeneza.

Sikukuambia mapema kwa sababu ulikuwa umeishikilia hasira yake, na kwa mbali ilionekana ndiyo inayokusimamisha. Nilikuwa na habari na sikuichapisha. Waandishi wadogo nikiwakuta na kosa hilo huwa sitaki maelezo yao, kwa hiyo sikupi yangu.

Kinachobaki sasa ni karatasi yako ya ridhaa. Nikiipeleka, kampuni italeta kisanduku kipya. Televisheni itarudi, intaneti itabaki imara, na ziara hazitakatika. Ndiyo njia pekee inayoleta vyote vitatu. Mkumbushe mkuu wa gereza.

Dada yako


30 Machi

Dada,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaenda karakana nikapiga randa ubao mpaka ukaisha. Mwalimu wa useremala akaniuliza natengeneza nini. Nikamwambia, maranda.

Sikulaumu. Ningekulaumu kama ningekuwa na nguvu.

Karatasi imegongwa muhuri wiki iliyopita. Wamenikabidhi mkononi, na sahihi ya mkuu, na kila kitu. Iko chini ya godoro langu. Sijaituma.

Kabla hujakasirika, nifuate ninavyofikiri. Televisheni ikirudi, mama anakaa na baiskeli zake. Unamkalisha mbele ya skrini, anamwona mtu asiyemjua, anamsalimia, anageukia dirisha. Vyote vitatu vinafanya kazi, kama ulivyoandika, na mimi ninarudi kuwa risiti. Lakini televisheni ikiwa imekufa, kuna mtu anayemngoja, naye ni fundi, na fundi ni mimi. Fundi anagombezwa. Fundi anaambiwa amekonda. Miaka miwili yote mama hajanipa neno hata moja la kwangu. Yule fundi amepewa nusu saa.

Naomba uniachie Jumamosi ya tarehe 4. Moja tu. Usimwambie mimi ni nani, atachanganyikiwa, na mimi pia. Nitakaa pale niwe mtu wa kampuni. Kazi yenyewe naijua.

Baada ya hapo nitaituma.

Mdogo wako


7 Aprili

Mdogo wangu,

Jirani wa mkono wa kulia alinirudishia mama Jumanne iliyopita, akiwa amemshika kiwiko. Alimkuta barabara kubwa akisimamisha magari yaliyobeba ngazi juu. Alikuwa anawauliza madereva kama wao ndio fundi. Kwa maelezo ya jirani, mmoja alimtukana, na mmoja aliegesha pembeni akampa maji ya chupa.

Siku iliyofuata nilifunga geti kwa kufuli. Alisimama nyuma ya geti, akishika vyuma, mpaka jua likamchubua paji la uso.

Alhamisi nilikuwa naoga. Alifungua mgongo wa televisheni kwa kisu cha mezani, na ilikuwa kwenye umeme. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kina bandeji. Daktari anasema kitapona, na anasema pia kwamba ilikuwa bahati.

Anakula kidogo. Anasema mgeni akifika amkute na mdomo umejaa ni aibu. Nimeomba likizo, mhariri amenipa wiki moja, akauliza kama ninaweza kuwapigia mawakili simu nikiwa nyumbani.

Jumamosi alivaa gauni lake la harusi za watu. Lilikuwa limemkaa barabara mwaka jana. Sasa limemning'inia kama limetundikwa mlangoni. Alinituma jikoni nimpikie fundi chai. Nilikwenda. Niliporudi sikujua mlikuwa mmeongea nini. Aliniambia nimsogezee fundi kikombe. Nikakiweka mbele ya skrini. Uliona nilivyokiweka.

Nilipokuwa mlangoni na sinia nilisikia ukimwambia utakuja. Ulisema Jumanne.

Leo ni Jumanne. Yuko getini tangu asubuhi. Amevaa gauni lile lile.

Hukuniuliza maoni yangu, lakini ni haya: Jumamosi moja uliyoomba umeipata. Nitumie karatasi.

Dada yako


13 Aprili

Dada,

Karatasi ni hii hapa ndani. Imekunjika kwa sababu ya godoro, lakini muhuri unasomeka. Nimemkabidhi ofisa wa barua mwenyewe, nikamwomba asipake wino hata nukta. Aliisoma yote. Akasema, "Hii haina misimbo." Nikamwambia haina kitu chochote, mzee, ni ruhusa tu.

Utataka kujua kwa nini nilimwahidi. Ulipokwenda jikoni alisogea kwenye skrini mpaka nikawa naona kope zake. Akashusha sauti, kama anayeomba kitu cha magendo.

"Fundi," akasema, "mwanangu wa mwisho alikuwa anafanya kazi hii yenu. Humfahamu?"

Nikauliza anaitwa nani. Akalitafuta jina. Nilimwona analitafuta, Dada, macho yalikuwa yanakwenda huku na huku kama mtu anayepekua mfuko. Mwisho akasema, "Kitinda mimba."

Nikasema simfahamu. Kampuni ni kubwa.

"Haji," akasema. "Sijui nilimkosea nini."

Nikasema huenda hukumkosea kitu, mama, huenda wamempeleka kazi ya mbali.

"Wewe mwema, unamtetea mwenzio." Kisha akaniagiza: "Ukikutana naye mwambie televisheni ya mama yake imeharibika. Usimwambie kingine. Akisikia kimeharibika kitu atakuja tu, hakuwa mtu wa kuona kitu kibovu akakiacha."

Ndipo nikasema Jumanne. Nilifungua mdomo niseme jingine, likatoka hilo. Halafu ukaingia na chai.

Sikutaka kumngojesha getini. Hilo ulipoliandika nililisoma mara moja nikakunja barua. Siku ile ya tarehe 7 mimi nilikuwa karakana, tunapigilia misumari viti vya shule.

Ile ruta mpe Ngazi. Atapata wa kumuuzia.

Mdogo wako


22 Aprili

Mdogo wangu,

Kampuni imeipokea karatasi yako. Ofisa wa dawati alisema juzi kwamba kisanduku kipya kitafungwa Jumanne, tarehe 28 Aprili, kati ya saa nane mchana na saa kumi na mbili jioni. Saa kamili huwa hawaitaji. Wamempanga Ngazi. Safari hii atakuja na sare.

Nimeliuliza gereza. Laini inabaki ile ile, usajili unabaki ule ule, na ziara zinaendelea bila maombi mapya. Kwa maelezo ya kila niliyeongea naye, hakutakuwa tena na tatizo lolote la kiufundi.

Nimemwambia mama fundi atakuja Jumanne. Alisema, "Si alishasema mwenyewe?" Tangu hapo amerudi kula. Nilimwuliza, kwa kujaribu tu, kama fundi huyo anamkumbusha mtu yeyote. Alifikiri kwa uaminifu kabisa. Akasema hapana.

Ngazi atakapoingia, mama atamwona ndiye fundi yule yule. Nimemtahadharisha. Aliniuliza aseme nini. Nilimwambia afunge kisanduku, awashe televisheni, anywe chai na aondoke. Ruta nitampa aondoke nayo.

Ziara yako ni Jumamosi, tarehe 2 Mei, saa nne asubuhi. Nimeangalia ratiba ya michezo kwenye gazeti letu: siku hiyo kuna mbio za milimani, na wanaondoka saa nne kasoro robo. Nilifikiria kumzimia televisheni kwa nusu saa. Baada ya wiki hizi zilizopita sitaizima, na usiniombe.

Nitaiweka skrini yako kando ya televisheni, imwelekee yeye. Hatakutazama. Wewe utamwona uso mzima, na mimi nitakuwa nimekaa pale, kama kuna la kuniambia.

Tarehe 2 Mei, saa nne. Ziara sijaifuta.

Dada yako